Makumbusho ya Krapf na Kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai: jina ni la mmoja, kazi ni ya wengi

Anayekwenda Rabai akidhani atakuta kitu mfano wa Fort Jesus atarudi amenuna. Makumbusho ya Krapf ni jengo dogo lililokuwa kanisa, ndani ya uwanja wa misheni ya zamani, juu ya kilima kinachotazama upande wa Mombasa. Maandishi, picha na nyaraka ni vingi kuliko vifaa vyenyewe. Mwenye haraka huyamaliza kwa dakika ishirini, akapiga picha mlangoni, akakimbilia bodaboda ya kurudi Mazeras. Huyo hajaiona Rabai. Cha kuonwa hapa ni uwanja mzima: Kanisa la Mtakatifu Paulo ambalo waumini wa Kianglikana wanasali mpaka leo, nyumba za wamisionari Krapf na Rebmann, shule, makaburi, na nyuma ya yote hayo msitu wa kaya, yaani makao ya kale na matakatifu ya Mijikenda, uliokuwapo kabla ya mmisionari yeyote.

Kwa wanaopenda hukumu mapema: historia tunaipa nyota tano, maonyesho tatu, urahisi wa kufika nne. Kinachopunguza nyota za maonyesho tutakieleza huko mbele. Si vumbi wala udogo wa chumba.

Kufika kwanza, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopoteza asubuhi. Kutoka Mombasa mjini ni kama kilomita 25. Panda matatu ya barabara ya Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, shuka Mazeras, kisha chukua bodaboda au tuktuk kwa barabara inayoelekea Kaloleni. Mwambie dereva "Rabai kanisani" au "Rabai makumbusho". Ukisema "Rabai" tu, kumbuka kwamba hilo ni jina la eneo zima, si la kituo kimoja, na unaweza kushushwa mbali. Kosa la pili ni kuchanganya Rabai na Ribe. Majina yanakaribiana masikioni, njia ni ile ile, na Ribe nako kuna misheni ya kale, lakini ile ni ya Wamethodisti na iko mbele zaidi. Mgeni anayetoka Nairobi kwa treni ya SGR hana haja ya kuingia mjini: kituo cha Mombasa kiko Miritini, na Mazeras iko upande ule ule, nyuma kidogo kuelekea Nairobi. Tatizo la njia hii ni malori ya bandarini. Kati ya Miritini na Mazeras foleni ikishika, safari ya nusu saa huwa ya saa mbili, kwa hiyo ondoka mapema. Ukifika kabla ya saa nne utakuwa umekwepa malori na jua pia.

Sasa jina lililo ubaoni. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg, alifika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na Church Missionary Society, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. (Wageni huuliza sana Wajerumani wa Kilutheri walifuata nini katika chama cha Waingereza. Jibu ni fupi: kwa miongo mingi ya mwanzo chama hicho kilikuwa na uhaba wa Waingereza waliokuwa tayari kwenda, kikawa kinachukua vijana waliosomea Basel, Uswisi.) Seyyid Said wa Zanzibar alimpa barua ya kumtambulisha kwa watawala wake wa pwani. Miezi michache baadaye, Julai 1844, mkewe Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Mwenzake, Johannes Rebmann, alifika mwaka 1846. Tarehe 25 Agosti mwaka huo wawili hao walipanda kilima cha Rabai kuhamia rasmi, wote wakiwa na homa.

Wazee wa Rabai ndio waliowapa mahali pa kukaa. Jambo hili hutajwa haraka haraka, nalo ndilo ufunguo wa mengine. Wamisionari hawakuwekwa ndani ya kaya. Waliwekwa nje yake, Kisulutini, mahali palipoitwa Rabai Mpya. Waliokuwa na mamlaka ya kukubali au kukataa walikuwa wazee, na walikubali kwa masharti yao. Krapf mwenyewe ameandika kwamba alipomaliza kuhubiri mwanzoni mbele ya watu wachache, mzee mmoja alimweleza waziwazi: watu wakiitwa kwenye sadaka hiyo kila mara, basi pawe na mchele na ng'ombe, maana Mrabai haendi kwenye maneno bila kula na kunywa. Mtu aliyewahi kuhudhuria kikao cha wazee pwani ataona kwamba hapo hapakuwa na mzaha. Mzee alikuwa akimfundisha mgeni utaratibu.

Krapf hakukaa Rabai sana. Alisafiri mara kwa mara, na mwaka 1853 afya ikamrudisha Ulaya. Alirejea pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe, kisha akaondoka tena. Rebmann ndiye aliyebaki. Alikaa tangu 1846 hadi 1875, miaka 29, akazika watu wake, akapofuka, na kusanyiko lake kwa muda mrefu lilikuwa la watu wa kuhesabika kwa vidole. Alipoondoka akiwa kipofu, aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Baba na mwana hao walikuwa miongoni mwa Warabai wa kwanza kubatizwa. Shule ya msingi iliyo hapo Rabai ina jina la Nyondo, na watoto wanalitamka kila siku, lakini mgeni wa makumbusho anaweza kuondoka bila kulisikia.

Hapo ndipo tunapokata nyota mbili. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1994, miaka 150 tangu Krapf atue Mombasa, yakapewa jina la mtu aliyekaa miaka michache tu miongoni mwa waliolijenga kanisa hili. Jina kubwa huvuta macho, kisha hadithi nzima huegemea huko: Wazungu wawili, milima miwili yenye theluji, basi. Milima si ya kudharauliwa. Kutoka hapa Rebmann alikwenda hadi akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 kutoka Ukambani. Wasomi wa London walikataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Rebmann alipomuuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, aliambiwa ni "baridi" tu, na jibu hilo lilikuwa sahihi kuliko la wasomi. Ramani iliyochorwa na mmisionari mwenzao Erhardt pamoja na Rebmann, yenye ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono asiye na gamba katikati ya Afrika, ilikuwa na makosa makubwa, lakini ndiyo iliyowasukuma Waingereza kuwatuma wapelelezi Burton na Speke. Wawili hao walimtembelea Rebmann hapa mwaka 1857.

Lakini kanisa halijengwi kwa milima. Kwa hiyo mkifika, mwombeni mwelekezi awapitishe upesi kwenye theluji na akae kwenye miaka ya 1864 hadi 1889. Kusanyiko la Rabai lilipata nguvu walipokuja Waafrika waliokuwa wametekwa utumwani wangali watoto, wakaokolewa baharini, wakasomeshwa katika shule za misheni huko India. William Jones na Ishmael Semler walitumwa mwaka 1864 na wake zao. Walijua ufundi, walijua kusoma, na walijua utumwa kwa ngozi yao wenyewe. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa wote wawili ushemasi, kisha akaondoka na Jones kuelekea Uganda kupitia Umasai. Alimwacha Jones na msafara mkubwa kwa Sundu, Mumias ya leo, akatangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha waliosalia. Waliingia Rabai Februari 1886 nyuma ya bendera iliyoandikwa neno moja, "Ikabodi", neno la Kiebrania katika kitabu cha Samweli linalomaanisha utukufu umeondoka. Kama makumbusho haya yangekuwa na nafasi ya ukuta mmoja tu, tungempa Jones ukuta huo.

Kisha mwaka 1888. Watumwa wa mashamba ya pwani walikuwa wakitoroka kwa wingi na kujificha katika vituo vya misheni, Rabai ikiwa mbele. Watu waliwaita watoro. Mabwana wao walikuwa wakitishia kuja na silaha, na wamisionari walikuwa wamebanwa pande mbili: sheria ya Sultani bado ilitambua utumwa, na uwanja wa kanisa ulikuwa umejaa watu ambao kuwarudisha ilikuwa kuwaua. George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imepewa mamlaka ya pwani alikubaliana na mabwana walipwe fidia, na siku ya Mwaka Mpya 1889 watu karibu 1,400 wa Rabai na vituo vingine wakapewa karatasi za uhuru. Unaweza kubishana kuhusu sababu za kampuni. Ilihitaji amani ili ifanye biashara, na aliyelipwa ni bwana, si mtumwa. Hata hivyo karatasi zile zilibadilisha maisha ya watu wengi wa hapa. Kanisa la Mtakatifu Paulo nalo ni la miaka hiyo hiyo ya 1880, si la enzi ya Krapf. Litazame ukijua waliojaa ndani yake walikuwa nani: Warabai wenyeji, mateka waliookolewa kwenye majahazi, na watoro, watu wa lugha nyingi waliounganishwa na Kiswahili.

Na kwa msomaji wa Kiswahili pana jambo jingine hapa ambalo wageni wa nje hulipita. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili tarehe 8 Juni 1844, akisaidiwa na kadhi mmoja wa Mombasa. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya Kiswahili Tübingen. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja kabla. Alijifunzia Mombasa na Rabai, kwa hiyo kamusi ile imejaa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na maneno ya Kimijikenda. Baadaye lahaja ya Unguja ilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mengi ya Krapf yakabaki pembeni kama "ya zamani", ingawa Mazeras unayasikia mpaka leo. Tafsiri yake ya Injili ya Luka kwa Kirabai ilichapwa Bombay mwaka 1848. Katika maandishi ya enzi hiyo, neno moja ni la kuepukwa ukiwa Rabai: wamisionari waliwaita wenyeji "Wanika", yaani watu wa nyika, jina walilopewa na wengine. Utalikuta kwenye nyaraka za zamani. Lisome, usiliseme.

Kuhusu tarehe, angalieni. Vibao, tovuti na hata walimu huchanganya. 1844 ni mwaka wa Krapf kufika Mombasa. 1846 ni mwaka wa misheni kuanza Rabai. Hatari iko katika sentensi "kanisa la kwanza Kenya, 1846", kwa sababu msikilizaji hudhani kila ukuta aonao ni wa 1846. Uwanja huu una majengo ya vipindi mbalimbali, na kila jengo la zamani limepakwa, limeezekwa upya, limezibwa na kufunguliwa. Muulize mwelekezi kila jengo na miaka yake. Anayejua kazi yake hatakasirika. Kosa jingine la kila wiki ni kutafuta kaburi la Rosine Krapf. Halipo Rabai. Alizikwa Mombasa, bara ya kaskazini, upande wa Nyali, na mnara wa kumbukumbu ya Krapf uko huko huko. Kengele mashuhuri ya watumwa walioachwa huru nayo ni ya Freretown, makazi yao ya zamani upande wa Nyali, pale Kengeleni. Anayetaka kuviona vyote siku moja aanze na Rabai asubuhi, ashuke Nyali alasiri. Ukigeuza utaratibu, foleni ya Changamwe itakumaliza.

Malipo: makumbusho yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ada hutofautiana kwa raia, mkazi wa kigeni na mgeni wa nje. Taasisi za serikali zimehamia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, kwa hiyo uwe na simu yenye chaji, M-Pesa yenye salio na kitambulisho. Mtandao wa kilimani ukilegea, malipo hukwama na mlango nao. Ni afadhali kulipia ukiwa bado mjini. Beba pesa taslimu kidogo vilevile, kwa bodaboda, kwa maji, na kwa mwelekezi ukiridhika naye. Kanisa si la makumbusho. Lina padri na wazee wa kanisa, na ruhusa ya kuingia na kupiga picha ni yao. Jumapili asubuhi kuna ibada: ukitaka kusali karibu, ukitaka kutalii njoo siku nyingine. Nyumba za wamisionari zipo karibu na shule, basi siku za masomo msiingie na kamera mkipiga watoto picha, hata kama wao ndio wanaoomba kupigwa.

Kaya ni habari nyingine kabisa, na tunasisitiza isichukuliwe kama kipande cha tiketi ile ile. Misitu ya kaya za Mijikenda, zikiwamo za Rabai, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, lakini UNESCO haina ufunguo wa msitu. Wazee wanao. Peleka ombi mapema kupitia ofisi ya makumbusho au kwa wenyeji, si kwa kijana uliyekutana naye barabarani. Uliza juu ya mavazi kabla ya siku yenyewe. Ndani hukati tawi, huokoti kuni, hutoki na jiwe. Kuna sehemu utaambiwa hapa mwisho, na mwisho ni mwisho. Watalii wanaoharibu huwa hawana nia mbaya. Wanadhani kwa kuwa kanisa liko hatua chache, kaya nayo ni bustani ya kanisa. Kumbe kanisa ndilo lililokaribishwa.

Walimu wanaoleta darasa: watoto 40 hawaingii chumba kile kwa pamoja wakasikia lolote. Wagawanye makundi matatu. Moja liwe makumbusho, moja kanisani nje, moja kwenye nyumba za wamisionari, mkibadilishana kila dakika 30. Watoto wapewe kazi, la sivyo watanakili kila kibao neno kwa neno na kurudi na daftari lililojaa lisilo na kitu. Maswali matatu yanatosha: nani aliwapa wamisionari ardhi, nani aliwaleta watu nyumbani mwaka 1886, na nani alilipwa mwaka 1889. Jibu la mwisho huwashtua, na mjadala wa njiani kurudi huwa mzuri. Maji yatoke nanyi shuleni. Kilima kina upepo wa kudanganya, jua huuma bila kujulikana.

Chakula cha maana kitafute Mazeras kabla ya kupanda: mahamri kwa mbaazi asubuhi, viazi karai mchana. Rabai ni nchi ya minazi na wagema, na mtu atakuelekeza kwenye mangwe, panapouzwa pombe ya mnazi, bila kuulizwa. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na mpole, wa jioni umeshachachuka na una nguvu zake. Basi mwenye kuendesha gari kurudi Mombasa katikati ya malori ya bandari auonje ule wa asubuhi, au auache. Na mwenye siku nzima aendelee na barabara ile ile mpaka Ribe, ambako Thomas Wakefield na Wamethodisti walianza mwaka 1862. Huko wageni ni wachache zaidi, na kaburi moja la zamani huwa na maneno mengi kuliko kibao.